Mkopo mdogo kwenye biashara ya mpunga: fanya hesabu hizi kabla hujasaini

Wengi wakipata mkopo wanakimbilia kununua mpunga mwingi wakati wa mavuno, halafu mwezi haujaisha wanahangaika na marejesho. Na sio wavivu jamani, ni vile tu marejesho yalianza wiki ya kwanza wakati mpunga bado uko kwenye turubai unaanikwa.

Kwa hiyo muulize afisa mikopo kwanza, naanza kulipa lini? Mpunga unakaa shambani kama miezi 3 hadi 6 kutegemea na mbegu, sasa mkulima akikubali kulipa kila wiki analipa kutoka wapi? Omba deni lilipwe baada ya kuuza. Anayekoboa na kuuza mchele kila siku yeye marejesho ya wiki anayaweza. Pia uliza riba inahesabiwaje, maana hapa ndo watu wanaumizwa sana. Ukiambiwa asilimia 20 kwa mwaka kwenye mkopo wote, na huku unarudisha kila mwezi, pesa uliyobaki nayo inapungua ila riba iko pale pale, kiuhalisia unalipa karibu asilimia 35.

Sasa mpunga wenyewe. Ukitoka shambani mara nyingi una unyevu wa asilimia 20 hadi 25, wa kuweka stoo unatakiwa uwe 14 kushuka chini. Ukinunua kilo 1,000 zenye unyevu wa 22 ukazikausha mpaka 14 unabaki na kilo kama 907, yaani kilo 93 ulizolipia zilikuwa maji! Bei ya kununulia uipange ukijua hilo. Kama huna kipimo chukua chupa kavu ya kioo, weka mpunga na chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, chumvi ikiganda kwenye kioo bado mbichi huo. Anika tabaka jembamba, geuza kila baada ya nusu saa, na jua likiwa kali mno ufunike, maana punje ikikauka kwa haraka inapasuka ndani na mashineni inatoka chenga.

Mashine nayo chagua. Ile ya kizamani ya chuma inaweza kukupa kilo 55 za mchele kwa kila 100 za mpunga, na chenga nyingi, yenye roli za mpira ikiwa nzuri inafika 65 au zaidi. Kwa mpunga wa kilo 1,000 hiyo ni tofauti ya kilo 100 za mchele, kwa hiyo bora kusafirisha mbali kidogo.

Hapa katikati, kati ya shamba na soko, ndo ajira zilipo: waanikaji, wapepetaji, wa kuchambua mawe, wa kufunga. Mimi ningeanza na turubai, mizani na watu wawili wa kuchambua na kupanga madaraja kabla ya kuota mashine yangu. Pumba nazo usitupe, wafugaji wanazitaka.

Kama huna dhamana ingia kikundi. Benki ya Grameen kule Bangladesh, inayokopesha maskini wasio na dhamana, ilijulikana kwa vikundi vya watu 5, na uchache huo una maana, mnajuana. Usiingie na mtu ambaye hujui anauza nini.

Na mvua ikigoma nenda ofisini kabla ya tarehe ya kulipa, omba muda uongezwe, tena kwa maandishi. Usikope kwingine kulipa huku.