Kumzoeza mtoto mwenye sindromu ya Down kutambua wingi

Mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye seli zake zina kromosomu ya 21 ya ziada, kwa kawaida hushika vizuri zaidi anachokiona kuliko anachokisikia, na kwa sababu hiyo kumkaririsha moja hadi ishirini kwa sauti humchosha bila kumjengea picha ya wingi wenyewe. Ni afadhali kuanza na mafungu mawili ya vizibo vya soda, kwa mfano 8 na 4, na kumwuliza lipi ni kubwa kabla hajahesabu, kisha kupunguza tofauti kidogo kidogo kadiri anavyozidi kupatia, hadi kufikia 6 kwa 5. Mpangilio wa vizibo ubadilishwe kila mara, fungu moja likisongamanishwa na jingine likitawanywa, la sivyo mtoto atajifunza kulinganisha nafasi iliyochukuliwa badala ya idadi. Hili, kwa maoni yangu, ndilo linalopuuzwa zaidi. Kila jibu lithibitishwe kwa kuhesabu pamoja, akigusa kizibo kimoja kimoja, na tarakimu iwekwe kando ya fungu. Akianza kubahatisha, mchezo usitishwe.