Njia Kwanza, Mkoba Baadaye: Maandalizi ya Mjamzito wa Mombasa

Wifi yangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku, Likoni, wiki mbili kabla ya tarehe aliyopewa kliniki. Mkoba wake ulikuwa mlangoni tangu mwezi uliotangulia: leso zimefuliwa na kukunjwa, nepi, sabuni, soksi mbili nyeupe ndogo kama vidole gumba. Kilichokosekana hakikuwa kitu cha kutiwa mkobani. Mumewe alikuwa zamu ya usiku bandarini na simu haishikiki. Mavyaa wake akasema tungoje neno la mwenye mke. Mimi nikampigia dereva wa tuktuk tuliyemzoea, naye alikuwa amezima simu alale. Tulikaa karibu saa nzima sebuleni tukitazamana, na yeye amekamata mkono wa kochi, pindo la leso lipo menoni. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Lakini tangu usiku ule, kila mjamzito anayeniuliza anunue nini, humuuliza kwanza atapita wapi.

Mji wetu ulivyokaa ndivyo unavyoamua mengi. Aliye Majengo au Mji wa Kale yuko karibu na Hospitali Kuu ya Pwani, ile twaiita Makadara. Aliye Mikindani au Changamwe ana Port Reitz, lakini akipewa barua ya kwenda kisiwani itambidi apite Makupa pamoja na malori. Aliye Kisauni au Bamburi ana daraja la Nyali, na jioni magari pale husimama kama yameegeshwa. Na aliye Likoni au Mtongwe ana maji mbele yake. Feri huvusha hata usiku, ila ukiikosa moja utangoja nyingine, na mwenye uchungu dakika ishirini kwake ni nyingi. Siku hizi gari laweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu likatokea upande wa Miritini bila kugusa kivuko. Kwa anayekwenda kisiwani ni mzunguko mrefu, lakini dereva wako na aijue.

Ndiyo maana nashauri uchague kituo kilicho upande wako wa maji, kisha umuulize nesi mambo mawili uso kwa uso. Je, chumba cha upasuaji kipo, na hufanya kazi usiku? Na mambo yakiwazidi, mama hupelekwa wapi, kwa gari gani? Usione haya kuuliza. Jibu la maswali hayo ndilo litakalokuonyesha kama pale ni mahali pa kuzalia au ni pa kliniki tu.

Tafuta madereva wawili, si mmoja, na angalau mmoja wao awe na gari. Namba zao ziandike kwenye karatasi uibandike nyuma ya mlango, maana simu huisha chaji na jirani atakayekusaidia hajui neno lako la siri. Nauli ya usiku iweke kando, noti mkononi, isichanganywe na pesa za matumizi. Kisha mkae kikao, wewe, mume, mamako na mavyaako, lisemwe waziwazi: uchungu ukianza na baba hayupo, mama anaondoka, hakuna wa kungojewa. Neno hilo likisemwa mchana, mbele ya wote, usiku halina mjadala. Kwenye kikao hicho hicho watafuteni ndugu wawili watatu wazima wa afya, wenye kilo 50 au zaidi, walio radhi kutoa damu. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua mama wazazi wengi zaidi, na huenda mbio.

Kliniki ianze mapema, kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama aonwe mara nane katika ujauzito mmoja. Wengi wetu hungoja mpaka tumbo lionekane, kwa kuogopa jicho. Kuficha mimba changa ni desturi niliyolelewa nayo na simlaumu mtu, ila mficheni jirani, nesi mwambieni. Siku ya kwanza utapimwa wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya Ukimwi, mkojo na presha, nawe utapewa kitabu cha mama na mtoto ambacho hakitakiwi kukaa mbali nawe tena. Na kama bado hujashika mimba ila unaitafuta, anza vidonge vya foliki asidi sasa. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto, ambao vidonge hivyo huulinda, hufunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itunge, wakati wengi hata hawajajua.

Vidonge vya kuongeza damu vinachukiwa, najua. Vyafunga choo, vyatia kichefuchefu. Vinywe usiku baada ya chakula, kwa maji ya ndimu, wala si kwa chai, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Hapa niseme juu ya odowa, yale mawe ya kula yanayouzwa sokoni kwa vifurushi. Hamu ile mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na mawe yenyewe huuzidisha upungufu huo, mbali na minyoo na madini ya risasi yanayoweza kuwamo. Ukijikuta unayatafuna, mwambie nesi upimwe damu. Kipimo cha wingi wa damu kikiwa chini ya 11 kuna la kufanya. Mbaazi, dagaa, mchicha na ini vitakusaidia kuliko jiwe.

Pwani yetu ina malaria, kwa hiyo mjamzito hupewa chandarua kliniki, na kuanzia wiki ya 13 hupewa vidonge vya kuikinga, ambavyo wengi bado huviita Fansidar, akirudia kila baada ya mwezi. Anayetumia Septrin kila siku haviongezi, na nesi atamweleza. Chandarua kikae kitandani hata miezi ya joto kali, hata kama Januari kinakufanya uhisi umo ndani ya sufuria.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni kifafa cha mimba. Huanza na presha kupanda, kimya kimya. Kisha kichwa kinauma kisichotulizwa na Panadol, macho yanaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono inavimba hata pete haitoki, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Akifika kuanguka na kutetemeka, wako watu wanaosema amepanda pepo, uletwe ubani, aitwe fundi. Nawasihi. Dua someni ndani ya gari, mkiwa njiani kwenda hospitali. Ndivyo pia ukiona damu, ukivunja maji, ukishikwa na homa kali, au mtoto akiacha kucheza kama ulivyomzoea. Hayo hayangoji asubuhi wala siku ya kliniki. Uchungu wa kawaida nao, kwa mimba ya kwanza, ukija kila dakika tano ni wakati wa kuwa hospitali. Aliye mbali au aliyewahi kuzaa atoke mapema zaidi. Tarehe uliyoandikiwa ni makisio ya siku 280 tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo ukifika wiki ya 36 ishi kama msafiri.

Mkoba wenyewe hauna makubwa. Leso nyingi za pamba zilizokwisha kufuliwa, maana mpya hazinyonyi maji na zina wanga. Dera pana linalofunguka kifuani. Pedi kubwa, sabuni, karai, nepi, kofia ya mtoto, kitabu cha kliniki, kitambulisho. Basi.

Maji lakini yataka mpango. Mzazi na mtoto wanatumia maji kuliko harusi, na mifereji yetu ina siku zake. Jaza mitungi kuanzia mwezi wa nane wa mimba, mjue na mwenye mkokoteni awe anakupitia. Maji ya kisima cha chumvi yafae kudekia na kumwaga chooni. Nguo za mtoto na za kuogea zisuuzwe kwa maji matamu, ngozi yake bado laini.

Kwenye makaratasi nipite haraka. Tangu Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, kwa hiyo usifike mlangoni ukitegemea Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bure uliotumia kwa mtoto wa kwanza. Jiandikishe kwa *147#, na kwa kuwa anayejitafutia hutozwa mchango wa mwaka kwa mkupuo, anza kuweka mapema. Aliyeajiriwa ana miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, na baba wiki mbili. Taarifa iandikwe si chini ya siku saba kabla. Mtoto naye asajiliwe kabla ya kutimiza miezi sita.

Kisha yaja arobaini. Nazipenda arobaini zetu. Mzazi hatumwi, hapiki, anapikiwa: uji wa pilipili manga, bokoboko, supu ya kuku. Anakandwa kwa maji moto na kufungwa mkaja. Hayo yote yana raha yake, ila aliyepasuliwa asikandwe tumbo wala kubanwa mkaja juu ya mshono mpaka daktari aseme, na maji yapimwe kwa kiwiko, si kwa ujasiri wa mkandaji. Makaa chini ya kitanda na milango kufungwa, hapana. Hewa ya makaa huua watu usingizini. Udi fukizeni nguo chumba kingine, mtoto asiwepo.

Kwa mtoto, dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, ndiyo kinga yake ya kwanza. Kuna wanaoyakamua wakayamwaga wakidhani ni machafu. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na kwa miezi sita asipewe maji wala maji ya sukari, hata joto likiwa kali vipi. Anayemsugulia tende kwa sunna aoshe mikono kwa sabuni kwanza. Asali ingoje atimize mwaka. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe majivu wala mate wala dawa ya meno; cha kupaka ni kile tu ulichopewa hospitali. Wanja usimtie machoni, kwani aina nyingi zina madini ya risasi. Na mkimwona amegeuka manjano siku ya kwanza ya maisha yake, msimwanike juani, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, amueni mapema nani atakuwa na mzazi usiku, maana mchana wageni hawakosi. Mama anayelia siku mbili tatu bila sababu ni jambo la kawaida. Akifika wiki ya pili bado halali hata mtoto alalapo, hataki kumshika, au anasema nyumba ingekuwa afadhali bila yeye, asiambiwe hana shukrani. Asiachwe peke yake, na mmoja wenu aende naye kliniki kesho yake, na kile kitabu mkononi.