Maziwa Yakizidi na Kichanga Akilia Kila Jioni: Mambo ya Kuandaa Kabla ya Kujifungua

Anayekuja kumhudumia mzazi huku Mbeya, Iringa au Njombe mara nyingi huja na kitu cha kuongeza maziwa: uji wa ulezi, supu yenye pilipili manga, chai ya maziwa. Ni wachache wanaomwandaa mama kwa upande wa pili: matiti yanayojaa hadi yawe magumu kama jiwe, maziwa yanayoruka na kumpalia mtoto, na mtoto anayelia kuanzia saa 11 jioni huku nyumba nzima ikisema ni chango. Kama uzazi uliopita ulikuwa hivyo, au unataka tu usikutwe hujui la kufanya, yafuatayo yapange mimba ikiwa bado ya miezi 8.

La kwanza ni kuelewana na atakayekuhudumia, awe mama mzazi, mama mkwe au wifi. Titi hujipima lenyewe. Likibaki na maziwa, hupunguza kasi ya kutengeneza. Likikamuliwa hadi liishe, huongeza. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 5, na katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo mwili bado unajifunza mtoto anahitaji kiasi gani. Anayekamua kikombe kizima kila baada ya kunyonyesha ili apate nafuu anauambia mwili kwamba kuna mapacha. Kesho yake matiti yatajaa zaidi. Kamua kwa mkono kidogo tu, vijiko viwili au vitatu, mpaka chuchu ilainike na mtoto aweze kushika, hapo acha. Pampu ya kukamulia usiinunue mapema kama huna haja nayo.

Kukandwa ni jambo la kulizungumza waziwazi, maana ni la heshima na wengi huona aibu kulikataa siku yenyewe. Mgongo na nyonga vikandwe ukipenda. Matiti yaliyojaa yasikandwe kwa maji ya moto wala kuminywa kwa nguvu ili "kuvunja mabonge". Joto jingi huvuta damu zaidi kwenye titi ambalo tayari limevimba, na kuminya kwa nguvu huumiza tishu na kuongeza uvimbe unaobana njia za maziwa. Kinachosaidia ni ubaridi: kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya bomba, dakika 10 hadi 15 baada ya kunyonyesha. Mwezi wa Juni au Julai maji ya Makete au Mafinga hayahitaji friji. Jani la kabichi lililooshwa vizuri, likawekwa ndani ya sidiria mpaka linyauke, huwapa nafuu baadhi ya wanawake, na kabichi huku haipatikani kwa shida.

Andaa vitambaa. Kanga kuukuu ya pamba au flana laini, ikatwe mapande na kukunjwa mara nne, angalau 12, ili uwe na vya kubadilisha wakati vingine vinakauka. Msimu wa mvua na ukungu nguo hukaa kambani siku mbili. Usiweke nailoni juu yake, kwa sababu chuchu iliyoloa muda mrefu huchubuka. Sidiria iwe ya kukushika bila kukubana. Ile yenye waya huacha alama na inaweza kusababisha uvimbe. Gauni lililolowa maziwa usiku wa kipupwe humpoza hata mtoto aliyelala kifuani, kwa hiyo weka nguo kavu karibu na kitanda. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Joto la kichanga ni ngozi ya mama yake, kofia, soksi na blanketi kavu.

Jua pia mizani iko wapi. Mtoto wa mama mwenye maziwa mengi hucheua sana, hupaliwa, huachia titi akilia, na hupata choo cha kijani chenye povu. Mtoto asiyeshiba naye hulia na kuachia titi. Kinachowatofautisha ni kadi ya kliniki. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3.2 anaweza kushuka hadi karibu kilo 2.9 siku za mwanzo, kisha awe amerudi kwenye uzito wake ifikapo wiki ya 2, na baada ya hapo aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku au zaidi. Mizani ya kuning'iniza ya zahanati husomeka kwa gramu 100, hivyo pima kwa wiki, usipime kila siku. Na umvue! Sweta la kufumwa, kofia na shali vinaweza kuficha uzito wa wiki nzima. Kuanzia siku ya 5 hesabu pia mikojo: isipungue 6 kwa saa 24.

Choo cha povu kina sababu yake. Maziwa yanayotoka mwanzo titi likiwa limejaa yana mafuta kidogo, na hupita tumboni haraka. Sukari ya maziwa, laktosi, ikiwa nyingi kwa mara moja haiwahi kusagwa yote. Inayobaki huchachushwa na bakteria kwenye utumbo mpana, na ndipo gesi na mlio wa tumbo hutoka. Maziwa yako si mabaya. Yanakuja mengi kwa pupa.

Basi jifunze mapema namna ya kukaa. Egemea mito au begi la nguo, mgongo ulale nusu, mtoto awe kifudifudi juu ya kifua chako. Hapo maziwa yanapanda kumfuata badala ya kumshukia kooni. Yakianza kuruka, mwachishe, acha yamwagike kwenye kitambaa mpaka yatulie, kisha mrudishe. Mcheulishe katikati na mwishoni, wima begani, dakika 10 au 15.

Kama baada ya wiki ya 4 hadi ya 6 bado unazidiwa na uzito wa mtoto unapanda vizuri, kuna kunyonyesha kwa zamu. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi mtoto apewe titi la kulia tu, hata akinyonya mara tatu; saa 3 hadi saa 6 mchana apewe la kushoto. Titi linalosubiri likiuma, kamua kidogo tu la kulegeza. Wengi huona tofauti ndani ya siku chache. Mwambie muuguzi kabla ya kuanza, pima uzito kila wiki, na uache zamu hizo maziwa yakishakaa sawa. Ukiendelea bila mpango yatapungua kupita unavyotaka. Dawa za kukausha maziwa usijinunulie dukani.

Kula kama kawaida, na kunywa kwa kiu yako. Kujilazimisha lita za uji hakuongezi kitu, ila uwatu na vidonge vya kuongeza maziwa uviache kabisa. Ulanzi na pombe nyingine huingia kwenye maziwa.

Kilio cha jioni huja hata kwa watoto wasio na tatizo la maziwa. Huanza wiki ya 2 au ya 3, hufika kilele karibu wiki ya 6, na kwa wengi huisha kati ya miezi 3 na 4. Panga zamu kabla: baba ambebe kifuani kwa mbeleko na kutembea naye saa ambayo mama anakula. Maji, dawa ya chango, maji ya sukari na asali visimguse mdomo. Asali inaweza kumletea mtoto wa chini ya mwaka 1 sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumua. Aliyechoka mpaka hasira inampanda amlaze mtoto chali mahali salama na atoke nje dakika 5. Kumtikisa mtoto huvujisha damu kwenye ubongo.

Titi likiuma sehemu moja, likawa la moto na kung'aa, huku mwili ukitetemeka kwa homa, endelea kunyonyesha, weka ubaridi, na usipopata nafuu ndani ya saa 24 nenda kituo cha afya kabla halijawa jipu. Kwa mama anayeishi na VVU utaratibu ni mwingine, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye maambukizi ya juu zaidi nchini, kwa hiyo jambo hili lisisemwe kwa kunong'ona: titi lenye uvimbe wa namna hiyo au chuchu inayotoka damu lisinyonywe, likamuliwe na maziwa yamwagwe, mtoto aendelee na titi lisilougua, na uende CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) siku hiyohiyo bila kuacha dawa, zako wala za mtoto. Na maziwa yanayozidi usimpe mtoto wa jirani, hata kwa huruma.

Mwisho, weka namba ya bajaji au gari linalokubali kutoka usiku, na fedha yake kando. Mtoto asiyenyonya, mwenye joto la 37.5 au zaidi, au wa baridi asiyepata joto hata kifuani kwa mama, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayetapika kijani, mwenye damu chooni, tumbo lililovimba na kukakamaa, degedege, au aliyelegea haamki, huyo halii kwa maziwa wala chango. Apelekwe hospitali usiku huohuo, kifuani kwa mama, amefunikwa.