Jinsi ya kumnyemelea paa msituni Karura, Nairobi, wakati wa kipupwe

Tuanze na sheria, maana bila hiyo utalala ndani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba: huwindi kwa mchezo wala kwa nyama, hata awe paa wa kutosha sufuria moja. Silaha yetu ni kamera. Ufundi wenyewe hautofautiani sana na wa mtu anayefuata sungura kwenye theluji huko Finland: unasoma ardhi, unaujua upepo, kisha unatulia. Sisi badala ya theluji tuna matope ya Julai.

Hatua ya 1: Chagua asubuhi. Unataka manyunyu ya usiku, kisha kupambazuke bila mvua. Mvua kubwa hufuta kila kitu, na jua la wiki nzima huukausha udongo mwekundu usishike alama. Fika langoni mapema, kabla wakimbiaji na waendesha baiskeli hawajakanyaga ushahidi wako. Tena jua likiwa bado chini, mwanga hupiga kwa ubavu na kivuli kinajaa ndani ya nyayo. Saa sita mchana alama hiyohiyo utaipita tu.

Hatua ya 2: Mavazi. Kijani au kahawia iliyofifia. Koti la nailoni linalokwaruza liache, manukato pia. Mbwa abaki nyumbani.

Hatua ya 3: Soma unyayo. Hapa usiharakishe. Chuchumaa; ukisimama wima hutaona lolote la maana.

Suni, yule paa mdogo kabisa wa Karura, huacha vialama viwili vilivyochongoka kwa mbele, na vyote viwili havipiti sana upana wa kidole gumba chako. Ncha inaonyesha alikoelekea. Pongo, swala mkubwa kuliko suni, ana umbo hilohilo, ila kubwa kwa karibu mara mbili. Nyayo za mbwa zitakuchosha, ziko kila njia: zina alama za kucha mbele ya vidole. Kanu, mnyama mdogo wa usiku anayefanana na paka, kwa kawaida haachi alama za kucha, kwa hiyo unyayo wake utadhani ni wa paka wa jirani. Ukikuta michirizi myembamba kando ya nyayo, nungunungu amepita akiburuta miiba. Sungura, kwenye nyasi za pembezoni, huwazuga wengi: akiruka, miguu ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele.

Sasa umri wa alama. Angalia ndani yake. Ukiona vishimo vidogo vya matone, mnyama alipita kabla ya manyunyu, na huenda sasa yuko mbali. Matone yakiwa yamechoma udongo wa pembeni lakini ndani ya kwato ni laini na kingo ni kali, amepita baada ya mvua kukatika. Huyo ndiye wa kufuata.

Tafuta pia kinyesi. Suni hurudia mahali pamoja kujisaidia, kwa hiyo rundo la vipunje vyeusi, vingine vikavu na vingine bado vinang'aa, lina thamani kuliko nyayo mia.

Hatua ya 4: Pima upepo. Beba unga kidogo kwenye kijikaratasi, uachie chembe hewani. Zikirudi usoni kwako, endelea. Zikielekea kichakani, zunguka kwa njia nyingine. Usikate vichaka ili kufupisha safari. Baki kwenye njia. Makutano ya njia yana namba, zipige picha unapopita.

Hatua ya 5: Kaa. Watu wengi hutembea mno. Suni akihisi hatari huganda, halafu huchomoka ukiwa umemkaribia sana, na picha unayopata ni ya majani yanayotikisika. Egemea mti hatua kadhaa kutoka kwenye rundo lile, zima mlio wa kamera na wa simu, usicheze na WhatsApp. Kima wakianza kupiga kelele juu yako, nyamaza hadi wazoee. Nguruwe mwitu akitokea na watoto, rudi nyuma polepole. Picha hiyo achana nayo.

Hatua ya 6: Tanzi. Ukiona waya uliofungwa kitanzi kwenye njia ya wanyama, usiuguse. Piga picha, shika namba ya makutano yaliyo karibu, mwambie askari wa msitu siku hiyohiyo.