Kuomba makazi kaunsili ukiwa mwanamke peke yako England

Dada zangu mnaoishi England, usisubiri mpaka ulale barabarani. Ukiwa unalala kwenye kochi la rafiki, au umekimbia kipigo nyumbani, kisheria tayari huna makazi. Ukijua utatolewa ndani ya siku 56, omba leo kwa kaunsili, yaani serikali ya mtaa. (Scotland na Wales wana sheria zao.)

Vya kubeba, yaani kitambulisho, karatasi za ukaazi na taarifa za benki, mnavijua. Kagua viza: ikiwa inakataza kupokea fedha za umma (no recourse to public funds), kwa kawaida kaunsili haitakupa makazi. Aliyekuja kwa viza ya mume na anakimbia ukatili anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 inayofungua msaada, lakini aonane na wakili kwanza, kwa sababu ombi hilo linafuta viza aliyonayo.

Wengi tunakwamishwa dirishani. Mimi niliambiwa kwa mdomo, "Huna mtoto, hatuwezi kukusaidia," nikapewa karatasi ya orodha ya hosteli. Huo si uamuzi. Tangu Aprili 2018 kaunsili inatakiwa kupima hali ya kila asiye na makazi anayestahili msaada, awe na watoto au la, imwandikie mpango na kumsaidia kutafuta mahali kwa siku 56. Sema hivi: "Nawasilisha ombi la kukosa makazi. Mkinikatalia, nipeni uamuzi kwa maandishi." Andika jina la ofisa, tarehe na saa.

Chumba cha dharura usiku huohuo kinategemea kipaumbele. Mjamzito anacho. Aliyekosa makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani anacho pia tangu 2021, na wasimwambie ni lazima alete ripoti ya polisi. Kwa mgonjwa, barua ya daktari ndiyo inayobeba ombi. Isitaje ugonjwa tu. Ieleze kwamba ukikosa makazi utadhurika zaidi kuliko mtu wa kawaida aliye katika hali hiyo. Kupewa chumba cha dharura hakudai uthibitisho kamili. Ikiwepo sababu ya kuamini kwamba huenda una kipaumbele, wanapaswa kukupa chumba huku wakichunguza.

Wakikataa kwa barua, una siku 21 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Kabla hujaandika, piga Shelter, shirika la hisani linaloshauri wasio na makazi, 0808 800 4444. Anayekimbia ukatili apige simu ya taifa ya msaada wa ukatili wa nyumbani, 0808 2000 247, bure, usiku na mchana, na anaweza kuomba mkalimani.