Somo: Kufungua amplifaya ya vali ukiwa umechoka

Ndugu zangu mafundi, siku ile nilishinda bandarini Kilindini, Mombasa, tangu alfajiri. Saa nne usiku, nyumbani Majengo, nikafungua amplifaya ya masafa mafupi. Nikachomoa plagi, nikaingiza bisibisi. Kumbe plagi niliyochomoa ni ya feni. Cheche ilikula ncha ya bisibisi. Ingekuwa kidole, msingesoma haya.

1. Panga saa ya kuacha kazi mapema, akili ikiwa bado timamu. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hivi hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Aliyechoka hajijui.

2. Chomoa plagi, fuata waya kwa mkono mpaka kwenye amplifaya yenyewe, kisha iweke plagi mezani uione.

3. Usiamini kwamba umeme umekwisha. Kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, za mikrofaradi 50 kwenye volti 2,500 hubeba jouli 156 hivi, zinazotosha kuua. Rezista ya kumwaga chaji hukatika bila kutoa dalili, na hewa yetu ya chumvi hula viungo vya waya.

4. Tumia fimbo kavu isiyopitisha umeme, yenye ndoano ya chuma iliyoungwa waya. Funga waya huo kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma ya mashine, kwanza. Gusa kapasita kupitia rezista kubwa, kisha moja kwa moja, na uache ndoano imening'inia hapo mpaka umalize kazi. Ukiitoa, volti huweza kujirudia pole pole kutoka ndani ya kapasita. Hapa ndipo waliochoka hukosea: wanagusa mara moja, wanaondoa.

5. Fanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine uweke nyuma. Pia awepo mtu anayejua swichi kuu iko wapi.

Maswali

Fundi, nikivaa ndala za mpira si inatosha?
La, kaka. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, unapita kifuani, ndala haziuzuii. Na jasho la Mombasa hulainisha njia.

Mita yangu mwisho volti 1000. Naweza kuipimia?
Usithubutu. Tafuta kijiti cha kupimia kilichoandikwa volti kubwa kuliko za mashine yako.

Mwalimu, kahawa chungu je?
Kahawa itakufumbua macho, lakini usingizi uliokosa hairudishi. Funika mashine, bandika karatasi "IMEFUNGULIWA, USIWASHE", ukalale. Asubuhi anza tena hatua ya pili, hata kama unakumbuka ulifika ya nne.