Kuifufua Land Rover Series III iliyokaa juu ya mawe

Mwongozo huu ni wa Land Rover Series III, 88 au 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), yenye injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286. Zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na ukipita kwenye misheni, mashamba na nyuma ya gereji za Arusha, Iringa au Nakuru bado utazikuta zimekaa juu ya mawe, majani yamefika kwenye bampa. Nyingi zinafufuka. Kinachoziua mara ya pili ni mpangilio mbaya wa kazi. Mwenye gari anaanza na rangi, hela zinaishia kwenye bodi, gari linarudi kwenye mawe likiwa linang'aa. Anayeanza na injini naye yuko hatarini, maana siku itakayowaka atatamani kuzunguka nalo mtaani, na breki hakuna. Anza na chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kisha breki, kisha injini. Rangi ije mwisho kabisa.

Chesi

Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo inaweza kuonekana nzima huku chuma cha chini kimekwisha. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na ugonge kila hatua. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo inazama ndani. Chunguza zaidi boriti ya nyuma inayoshika ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi, mahali springi zinapofungwa, na sakafu ya miguuni. Magari ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa huliwa pia pale aluminiamu inapogusana na chuma, kwa sababu chumvi ya bahari inaharakisha ulaji huo.

Kiraka kiwe cha bamba la milimita 2, na kabla ya kuchomelea kata kutu yote hadi ufikie chuma safi. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu hakina cha kushika. Chomoa betri na altaneta, kisha shusha tangi la petroli ulipeleke mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Kabla fundi hajakata chochote mbele, tafuta namba ya chesi. Imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia. Safisha kwa brashi ya waya, ilinganishe na kadi ya gari, ipige picha. Kipande hicho kikikatwa na kutupwa, utapata shida kubwa kuthibitisha kuwa gari ni lako.

Breki

Hapa usibanie hela. Badilisha silinda zote za magurudumu, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli), mipira mitatu ya breki, yaani mabomba laini ya raba (miwili ya mbele, mmoja wa nyuma), na kila bomba lenye kutu. Mpira uliokaa miaka mingi unaweza kuvimba kwa ndani: ukikanyaga, breki inashika, ukiachia haiachii, na kwa nje hauonyeshi chochote. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 tu. Oili ya injini au ya haidroliki inavimbisha raba zote za mfumo, hata kama ni tone la dharura.

Ukikuta lainingi (vitambaa vinavyosugua ngoma) zimelowa, jua kwanza zimelowa nini. Oili nzito yenye harufu kali imetoka kwenye difu (gia za katikati ya ekseli) kupitia sili ya habu. Mafuta mepesi yametoka kwenye silinda ya gurudumu. Rekebisha chanzo, kisha weka lainingi mpya. Kuziosha kwa petroli hakusaidii, kwa sababu zimeshanyonya na zikipata joto zitatoa mafuta tena.

Kutoa hewa ndiko kunakowasumbua mafundi wengi kwenye gari hili. Dawa yake ni kukaza kwanza ajasta (skrubu za kusogeza lainingi) za magurudumu yote hadi ngoma zisizunguke. Lainingi zikiwa zimeshika ngoma, pistoni za silinda hazina pa kusogea na hewa inatoka haraka. Mbele ya 109 kuna silinda mbili na ajasta mbili kwa kila gurudumu, usisahau hata moja. Kwa gari la usukani wa kulia anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Ukimaliza, legeza ajasta hadi gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Klachi nayo inatumia mafuta ya breki, kwa hiyo masta yake na silinda ya chini zikaguliwe siku hiyohiyo.

Injini

Usipige stata. Toa plagi zote nne, mimina kila silinda vijiko viwili vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya injini, nusu kwa nusu, uache siku mbili. Kisha zungusha kwa hendeli ya mbele polepole, plagi zikiwa bado nje. Ikigoma, ongeza mchanganyiko na usubiri tena. Kulivuta gari likiwa kwenye gia ili injini iachie ni njia ya kuvunja ringi au kupinda fimbo ya valvu iliyonata.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda. Weka filta mpya na oili ya 20W-50: lita 6, pamoja na karibu lita moja ya kujaza filta. Piga stata bila plagi hadi taa ya presha ya oili izime. Hapo mafuta yamefika kwenye beringi kabla injini haijabeba mzigo.

Sasa pima kompresheni (presha ya kila silinda), pedeli ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Kilicho muhimu ni silinda kukaribiana. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili ndani upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, tatizo liko kwenye valvu.

Mwanya wa tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ni milimita 0.25 kwa zote. Huhitaji alama yoyote, unahitaji hesabu ya tisa. Hesabu valvu kutoka mbele, 1 hadi 8. Zungusha injini kwa hendeli hadi valvu ya 8 ifunguke kabisa, kisha rekebisha ya 1. Ya 6 ikifunguka rekebisha ya 3, ya 4 ikifunguka rekebisha ya 5, na kuendelea. Namba mbili zikijumlishwa zinatoa 9 kila mara. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ipite kwa kukwama kidogo. Ukikaza nati, pima tena, maana skrubu hupenda kuzunguka na nati.

Upande wa moto wa plagi: mwanya wa platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta) milimita 0.35 hadi 0.40, wa plagi 0.75 hadi 0.80, silinda zinawaka kwa mpangilio 1-3-4-2, na rota ya distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Silinda ya 1 ndiyo iliyo karibu na rejeta. Platini mpya hupakwa grisi kiwandani ili zisipate kutu. Zifute kwa petroli, la sivyo utatafuta moto siku nzima. Zikiungua haraka baada ya kufungwa, badilisha kondensa.

Petroli ya zamani imwagwe yote. Osha tangi na kikombe cha kioo cha pampu. Kabureta ya Zenith ina ugonjwa mmoja unaojulikana: uso wa kifuniko cha juu unapinda kwa sababu ya skrubu kukazwa kupita kiasi, na petroli inavuja ndani kwa ndani. Dalili zake ni moshi mweusi, sailensa inayotetemeka, na skrubu ya mchanganyiko isiyobadilisha kitu ukiizungusha. Weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, sugua uso wa kifuniko hadi uwe bapa, badilisha oringi ndogo iliyo kati yake na kitalu cha ndani, kisha kaza skrubu kwa mkono mwepesi.

Themostati irudishwe. Desturi ya kuing'oa inaifanya injini iende baridi, inywe petroli na kula silinda. Jaza kulanti, maji ya kisima yenye chumvi yanaziba rejeta.

Oili za chini, stelingi na matairi

Tumia oili ya gia ya EP90 kila mahali: giaboksi lita 1.5, giaboksi ndogo (inayogawa nguvu mbele na nyuma) 2.5, difu ya kawaida 1.75, na vibumba vya magurudumu ya mbele, yale maumbo ya mviringo yanayogeuka na usukani, nusu lita kila kimoja. Difu kubwa ya Salisbury ya nyuma ya 109 inachukua 2.5. Kiwango cha giaboksi kikishuka huku cha giaboksi ndogo kinapanda, sili iliyo kati yake imekufa.

Stelingi ikiwa nzito, shuku lile bomba la wima lililopachikwa ndani ya boriti ya mbele ya chesi, linalopokea nguvu ya usukani. Usilifungue bila vifaa. Ndani yake mna springi yenye nguvu nyingi sana inayoweza kumjeruhi mtu vibaya.

Matairi ya 6.00-16 (88) au 7.50-16 (109) yanaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri lakini yamekauka. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Yenye nyufa yaondoe, hata kama yanashika upepo.

Kabla ya kutoka, kadi iwe kwa jina lako na bima iwe hai. Safari ya kwanza isizidi kilomita 5, na gari libebe maji na kizima moto. Ukirudi, gusa ngoma zote nne: iliyo ya moto kuliko wenzake haijaachia. Kaza nati za magurudumu. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, na kama silinda hedi ilifunguliwa, kaza tena bolti zake kubwa kwa Nm 90, kisha rudia tapeti, kwa sababu mwanya utakuwa umebadilika.